Kakangu hunitumia dawa za kinga, usiku wa kuuguza ni wangu peke yangu

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, nimevuka arubaini, naishi Langoni hapa Amu. Riziki yangu ni kushona kofia. Mamangu alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia ukapooza na ulimi ukawa mzito. Akili yake iko sawa, husikia na kuelewa yote, lakini kujibu ni kutikisa kichwa au neno moja kwa taabu. Tangu atoke hospitali yuko kwangu, chumba cha chini. Mume wangu yuko Mombasa kikazi, huja mara moja moja.

Kabla sijaendelea nataka ijulikane kwamba sijuti kumuuguza mamangu. Sikuandika ili nitolewe mzigo. Shida yangu ni mwili, na sasa imekuwa shida ya familia.

Usiku namgeuza kila baada ya saa mbili tatu ili asipate vidonda vya mgongo, nambadilisha nepi, nampa maji kwa kijiko. Usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Kitanda kikilia tu nimeshaamka. Alfajiri ikiadhiniwa mimi macho tayari. Mchana wateja wanangoja kofia zao, watoto wana shule na chuo, na jiko halijipiki.

Nimekuwa mtu wa kuugua ugua. Mafua hayaniachi, kikohozi huja na kwenda, ndani ya mdomo mna vidonda ambavyo kula ndimu siwezi tena. Kinachonitia hofu zaidi ni kidole. Zamani sindano ikinidunga ilikuwa si kitu, nilifuta damu nikaendelea. Sasa hata nikivaa kastabini, sindano ikinipata pembeni ya kucha panavimba, panatunga usaha, na kazi inasimama. Kofia ni nguo nyeupe, Bi Mshauri, na kidole cha usaha hakiigusi.

Kakangu mkubwa yuko Malindi. Mkewe anauza kapsuli za kinga ya mwili. Kopo limeandikwa manjano, pilipili manga, habasoda, mlonge na mmea mmoja uitwao ashwagandha, na kwamba hulinda kinga kwa mtu mwenye msongo wa mawazo wa muda mrefu. Bei ni shilingi 3,500. Kila mwezi kopo hupakiwa basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, nikalipokea. Kakangu ndiye anayelilipia, ila hukata pesa hiyo kwenye ile aliyokuwa akinitumia ya nepi za mama.

Nisiseme uongo: tangu nianze nasikia tofauti. Kikohozi kimepungua, na hata nikipata usingizi kidogo huwa mzito. Wifi akaniambia mama naye atafaidika, kwa hivyo huifungua kapsuli moja nikaimwaga kwenye uji wake wa asubuhi. Kikombe chake kimegeuka manjano, hata kwa sabuni hakitakati. Mimi mwenyewe natumia amlodipini ya presha. Mama anatumia aspirini, vidonge vya sukari na vya presha. Siku hizi mkono wake una alama za samawati, nadhani ni vile ninavyomshika nikimgeuza, na nimejaribu kulegeza.

Nilipomtajia daktari wa hospitali moja kuhusu kapsuli hakuuliza hata zina nini. Alisema niache takataka za mitishamba, akaita mgonjwa mwingine. Niliumia. Sisi tumekulia mikononi mwa nyanya waliotutibu kwa mwarobaini na mshubiri, na tuko hai. Kwa majirani nako sisemi kwamba kinga yangu imeshuka, maana unajua watu watafikiri nini.

Nikimwambia kakangu aje hata wiki moja alale na mama, hunijibu, "Si nakutumia dawa? Zimeze, utapata nguvu." Dada yetu yuko Mombasa, ana watoto wadogo. Wifi si mtu mbaya. Idi iliyopita alikuja na akamwogesha mama kwa mikono yake. Nikiacha dawa zake ataona nimemdharau, na kakangu huenda akakata hata hicho kidogo.

Niendelee kuzimeza au niache? Na nikiacha, nimwambieje kakangu?

Mshona kofia, Amu

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Umeuliza mawili: kapsuli uendelee nazo au la, na kakako aambiweje. Katikati yake naona la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ni nani mwingine atakayelala na mama. Yote nitayagusa, ila si kwa mpango wako, kwa sababu liko moja uliloliandika kwa kupita ambalo haliwezi kungoja.

Ni mkono wa mama. Huenda ni kweli alama zile ni vidole vyako. Ngozi ya mtu mzima ni nyepesi, na kumgeuza mtu aliyepooza ni kazi ya nguvu. Lakini aspirini aliyopewa kazi yake ni kuzuia vigandisha damu visishikane, ili kiharusi kisirudi. Kukumini, ile dawa iliyomo ndani ya manjano, ikiwa imekolezwa kwenye kapsuli nayo huweza kusukuma upande huo huo. Viwili vikikutana, damu huweza kuvuja chini ya ngozi kwa kuguswa kidogo tu. Tena mlonge na habasoda vyote viwili huweza kushusha sukari, na mama tayari ana vidonge vya sukari. Wewe sukari ikikushuka utasema, "Natetemeka, nipeni chai." Yeye hana ulimi wa kusema. Kwa hivyo ningekuomba kapsuli ya kwenye uji uiweke kando kwanza, mkono uonwe na daktari wiki hii, na sukari yake ipimwe. Beba kopo lenyewe na vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja. Daktari akiona unga wa njano atasema maneno, mwache aseme, lakini atakuwa ameona.

Mama akiwa na choo cheusi, maumivu ya kichwa ya ghafla au usingizi usio wa kawaida, usingoje miadi.

Sasa wewe. Kwamba mwili wa anayeuguza hudhoofika si maneno ya kujionea huruma. Mwaka 1995 mtafiti Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wa umri na kipato cha karibu na wao ambao hawakuwa na mgonjwa. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, cha milimita 3.5, kikaangaliwa hadi kipone. Vya wauguzaji vilichelewa kwa siku 9 hivi. Nilipofika kwenye kidole chako niliwakumbuka wale wanawake.

Kinachotokea ni hivi. Juu ya kila figo kuna tezi inayotoa homoni iitwayo kotisoli. Ukishtuka, ukikimbia moto, nayo husaidia kukupa nguvu, na kwa muda mfupi hata askari wa mwili huchangamka. Shida ni ikiwa moto hauzimiki. Kotisoli ikibaki juu miezi na miezi, chembe nyeupe za damu, ndizo askari hao, hulegea, wajumbe wa kuita msaada kwenye kidonda huchelewa, na hata chanjo haishiki vizuri. Watafiti wale wale waliliona hilo mwaka 1996 kwa chanjo ya mafua ya influenza. Halafu baadhi ya chembe huizoea kotisoli hadi zikaacha kuitii, na uvimbe wa ndani unabaki ukifukuta. Kwa hivyo mtu huyo huyo mmoja ana kinga iliyolegea huku na iliyopitiliza kule.

Ndiyo sababu neno la kwenye kopo, kulinda au kuongeza kinga, linanipa shaka hata kabla sijasoma viungo. Nahodha hatweki tanga lote kwa kila upepo. Kinga nayo hutakiwa kupanda na kushuka kwa wakati wake, na ikipitiliza ndiyo tunaita pumu, mzio na maradhi ya viungo.

Hata hivyo nakuuliza, mwanangu: una hakika gani kwamba ni msongo peke yake? Mamako ana sukari, wewe una presha, umri wako ndio huo. Kidonda kinachotunga usaha kila mara na vidonda vya mdomo huweza kuwa sukari iliyoanza kimya kimya, au upungufu wa damu. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kinataka kupimwa kifua kikuu, na kipimo hicho na dawa zake ni bure katika hospitali za serikali. Na kile kipimo kingine ambacho watu hunong'ona, nacho kifanye, ili usiku ukilala macho usiwe unakihesabu. Hivi vyote ni vipimo vya siku moja. Nisingependa kinga ipewe lawama, mimea ipewe sifa, na sukari ipite katikati bila kuonwa.

Daktari aliyeita dawa zako takataka bila kuuliza hakukutendea haki. Mimea ina vitu ndani yake, na hospitali zenyewe zinaishi kwa vitu hivyo. Dawa ya malaria tunayopewa leo, chimbuko lake ni artemisinini iliyotolewa kwenye mmea na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015. Lakini yeye aliitoa, akaipima, akajua kiasi. Hapo ndipo kopo lako linapoanza kuwa gumu kulisoma.

Chukua manjano. Unga wa jikoni una kukumini kama asilimia 3 tu ya uzito wake, na tumbo letu huipokea kwa shida, nyingi hutoka ilivyoingia. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba gramu 2 za kukumini zikichanganywa na miligramu 20 za piperini, ile kali ya pilipili manga, kiasi kinachofika damuni huongezeka kwa asilimia 2,000. Ndiyo maana viwili hivyo viko koponi mwako pamoja. Aliyevichanganya alijua anachofanya. Ila piperini hufanikiwa kwa kuvipunguza kasi vimeng'enya vya ini vinavyovunja vitu, na amlodipini yako nayo huvunjwa na vimeng'enya vya jamii hiyo. Kwa hivyo dawa ya presha huweza kubaki damuni zaidi ya alivyokusudia daktari. Umewahi kusikia kizunguzungu ukiinuka kutoka kwa mama? Miguu huvimba jioni? Usiseme ni uchovu tu kabla hujapima presha.

Na baada ya kukumini kufika damuni inafanya nini? Kwenye chupa za maabara inafanya mengi, hutuliza uvimbe na mengineyo. Kwa binadamu habari si tamu hivyo. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani waliupitia utafiti wake na hawakuona jaribio hata moja, lile la haki ambapo mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepewa nini, lililofaulu. Sisemi haina maana. Nasema ahadi ya kopo ni kubwa kuliko ushahidi.

Ashwagandha ina majaribio ya kweli, madogo na ya wiki chache, ambapo kotisoli ilishuka na watu wakalala vizuri. Labda huo ndio usingizi wako mzito. Lakini huweza kugusa tezi ya shingoni, kushusha presha na kuongeza usingizi, na kuna watu walioumwa ini kwa kuitumia. Mwaka 2023 Denmaki iliipiga marufuku kabisa. Kwa mwanamke anayeweza kuwa mjamzito haifai. Hilo unalijua wewe na mumeo.

Habasoda nami naitumia, na hadithi yake iliyopokewa na Bukhari, kwamba ndani yake mna ponyo la kila maradhi ila mauti, kila mtoto wa Amu aliipata chuoni. Thaimokwinoni, kemikali iliyomo, imewashughulisha watafiti sana. Wanavyuoni nao wamejadili hadithi hiyo vipi itumike, kwa ugonjwa gani na kwa kuchanganywa na nini. Kuipenda habasoda hakukulazimishi kulipenda kopo la mtu.

Liko lingine linalonikera katika biashara hii, nalo simtuhumu wifi yako kwa sababu huenda hata yeye hajui. Katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa za "mitishamba" zilizotiwa steroidi za hospitalini kisirisiri. Steroidi ni ndugu wa kotisoli. Mtu husikia nafuu upesi, kikohozi hutulia, hamu ya kula huja, uso huwa mviringo. Chini chini sukari inapanda na kinga inashuka. Nawe umesema kikohozi kimepungua. Angalia je, unakula kuliko zamani, uso umejaa? Ikiwa ndivyo, usiziache ghafla kwa hasira, maana steroidi za muda mrefu zikikatwa mara moja humwangusha mtu. Mwambie mfamasia kwanza. Muulize pia kama kopo hilo limesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Namba ikiwepo huandikwa kwenye lebo.

Au pengine nafuu yako imetokana na jambo jingine kabisa: kila mwezi mtu anakukumbuka, anakufungia kitu chenye jina lako, kinavuka bahari. Sikudharau kwa kusema hivyo. Kwa mtu anayetoa mchana na usiku, kupewa ni kitu.

Basi tuzitazame njia. Ukiendelea, endelea ukiwa umepimwa presha, sukari na ini, na mfamasia amesoma lebo. Hasara yake ni pesa, na kwamba hata hivyo hutajua ndani mna kiasi gani cha kipi. Ukiacha, acha kwa utaratibu na ujiangalie wiki chache. Huenda mafua yakarudi ukajuta, huenda yasirudi. Njia ya tatu ni kuvirudisha vitu hivi jikoni, na hapo mwanamke wa Amu hafundishwi. Mchuzi wa manjano wenye tui na pilipili manga tayari una mafuta na piperini ambavyo manjano inavihitaji. Majani ya mlonge yapike kama mboga nyingine. Kitunguu saumu kiponde, ukiache dakika kumi kabla ya kukitia chunguni, kwa sababu alisini, ile dawa yake kali, haimo ndani ya punje nzima, hutengenezwa ikipondwa, na moto wa haraka huiua. Manjano nunua mizizi mikavu usage mwenyewe: mwaka 2019 watafiti wa Stanford walifichua kwamba huko Bangladeshi wafanyabiashara walikuwa wakiitia rangi yenye madini ya risasi ing'are. Chakula hiki hakitafanya miujiza, ila hakitagombana na aspirini ya mama, na hakikatwi kwenye nepi.

Nepi. Nimelirudia neno hilo kwenye barua yako. Kakako hakuongeza pesa. Alizihamisha kutoka kwa mama zikaenda dukani kwa mkewe, na wewe ukapewa kopo. Sidhani alikaa akalipanga hivyo. Nadhani anaogopa kumwona mamake katika hali ile, na kopo linampa pa kujificha. Wanaume wengi ni hodari wa kutuma. Lakini ninajiuliza pia kama wewe hujamsaidia kujificha, kila mara unapomwambia dawa zimefika na zinafaa.

Maana kuna dawa moja ya msongo ambayo ushahidi wake ni mzito kuliko vyote vya koponi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2015 huko Marekani, watu 164 walipimwa usingizi wao, kisha wakatiwa virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walipata mafua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Usingizi huo hauuzwi Malindi. Unaweza tu kupewa na mtu atakayekaa na mama usiku wako ukiwa umelala chumba kingine, mlango umefungwa.

Kwa hivyo pengine usimwambie kakako, "Naziacha dawa zako." Ukianza hapo mtagombania dawa, na wifi ataingia, na usiku utabaki wako. Unaweza kuanza na ombi: "Kaka, kopo limefika, Mungu awabariki. Mwezi ujao naomba badala yake usiku mbili kwa wiki, wako au wa mtu utakayemlipa. Nimechoka, naogopa nitamwangusha mama." Shilingi 3,500 za kopo hazimlipi mtu mwezi mzima, lakini usiku kadhaa huenda zikalipa, na dada yenu Mombasa akiongeza kidogo zikawa zaidi. Hatari ipo. Anaweza kunyamaza, anaweza kukasirika akakata zote. Ukiliona hilo linakuja, tangulia kwa ami au mzee mwingine anayemheshimu, aseme yeye, nawe usiwepo. Wengine hawapendi mambo ya nyumbani yafike kwa wazee; wewe ndiye unayemjua kakako.

Wifi ningemwendea peke yake, kwa simu, kabla maneno hayajamfikia kwa mumewe. Mwambie habari ya mkono wa mama na aspirini. Ni habari ya kweli, tena inamhusu, kwa sababu huenda wateja wake wengine wana wazee wanaotumia aspirini. Mwanamke aliyemwogesha mama mkwe kwa mikono yake hatachukia kuambiwa hivyo, na hata akichukia kidogo, mna pa kuanzia.

Mwisho, kuna mtu ambaye sikuona kokote kwenye barua kwamba ameulizwa. Mama anaelewa yote na kichwa anatikisa, kwa hivyo maswali ya ndiyo na la yanamtosha. Muulize kama angetaka mwanawe wa kiume alale naye na ambadilishe nepi, au ataona haya. Akiona haya, basi usiku wa kuombwa ni wa wifi na dada yako, na kakako aombwe nauli zao na pesa za nepi zilizorudi mahali pake. Asipoona haya, kakako hana tena pa kusema kwamba hiyo ni kazi ya wanawake.

Bi Mshauri